Kiingereza cha mitaa ya Vienna hakimlengi mgeni

Mtu aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam akafika Vienna kwa mara ya kwanza, akapanda ngazi kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi hadi barabara ya maduka ya Mariahilfer Straße, hupata faraja ya papo hapo. Maduka yanamsemesha Kiingereza. Kioo kimoja kimejaa neno SALE kwa herufi nyekundu, kingine kimeandikwa "New Collection", na kwenye duka la mikate kuna ubao unaotangaza "Coffee to go". Faraja hiyo haidumu. Sheria ya Austria inamtaka asajili makazi yake ndani ya siku 3 tangu ahamie, na fomu rasmi ni ya Kijerumani. Karatasi iliyobandikwa kwenye lango la jengo analoishi, inayosema maji yatafungwa Jumanne asubuhi, ni ya Kijerumani. Kibao cha maegesho ni cha Kijerumani. Kiingereza kilichompokea kwa bashasha kimetoweka pale hasa alipokihitaji.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya Kiingereza kilichoandikwa hadharani katika miji ya Kijerumani haikuwekwa kwa ajili ya wageni. Ni Wajerumani wanaozungumza na Wajerumani, Waaustria na Waaustria, kwa kutumia maneno ya watu wengine. Mjadala unaorudi kila baada ya miaka michache kuhusu mabango hayo huharibika kwa sababu pande zote mbili hukosea hapo. Wanaolalamika wanadhani mji unawapigia magoti watalii. Wanaoshangilia wanadhani mji umefungua milango. Ninavyoona mimi, mwenyeji anaposoma kibao huipima lugha ile mwisho. Kwanza hupima nani anasema, anasemea wapi, na ukikosa kuelewa utalipa nini.

Wataalamu wa isimujamii wanaita maandishi haya yote kwa pamoja mandhari ya lugha. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 1997, pale Rodrigue Landry na Richard Bourhis walipoandika kuhusu vijana wa Kanada wanaosema Kifaransa. Walionyesha kwamba kibao kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa taarifa: njia ni hii, mlango ni ule, hapa usivute sigara. Ya pili ni ya ishara: kibao humwambia mpita njia lugha gani ina heshima mahali pale na watu gani wanahesabika. Kazi hizi mbili zinaweza kukaa pamoja katika kibao kimoja, na zinaweza kuachana kabisa. Vienna zimeachana kwa namna ambayo macho ya kawaida yanaweza kuiona, ukisimama mbele ya kioo cha duka na kukisoma chote, hadi chini.

Juu kabisa, SALE. Chini yake asilimia, kwa tarakimu ambazo hazina lugha. Halafu, kwenye kona, kwa herufi ndogo ambazo lazima uinamie, mistari ya Kijerumani inayosema punguzo linaanza na kuisha lini, bidhaa gani hazimo, na kwamba ofa hii haiunganishwi na nyingine. Kiingereza kimeita, Kijerumani kimefunga mkataba. Mgeni asiyejua Kijerumani ameitwa ndani bila kuambiwa masharti. Duka la mikate nalo liko hivyo hivyo: "Coffee to go" inakaa juu ya ubao, na chini yake keki zote, Topfengolatsche na Mohnstrudel pamoja na bei zake, ziko kwa Kijerumani cha Austria tupu. Mwenye duka angekuwa anamfikiria mtalii, angetafsiri kwanza Topfengolatsche, kwa kuwa kahawa mtalii anaitambua hata kwa harufu.

Neno SALE lenyewe lina historia inayoeleza mengi, na chimbuko lake si upenzi wa Marekani peke yake. Nchini Ujerumani, mauzo ya punguzo la mwisho wa msimu yalikuwa yakiongozwa na sheria ya ushindani. Yaliruhusiwa mara 2 kwa mwaka, majira ya baridi na majira ya joto, kwa siku 12 za kazi kila mara, na yalikuwa na jina lake, Schlussverkauf. Mwaka 2004 sheria ilifanyiwa mageuzi na maduka yakapata uhuru wa kupunguza bei wakati wowote. Jina la zamani lilibeba maana ya mwisho wa msimu, na sasa hapakuwa na mwisho wowote. SALE ilikuwa imeshaanza kuonekana kabla ya hapo, lakini baada ya mageuzi hayo ilikuwa na nafasi ya wazi ya kujaza. Leo mwenyeji haioni kama lugha. Anaiona kama rangi nyekundu ya taa za barabarani, ishara yenye maana moja. Nimewauliza wenyeji wengi kama mtaani kwao kuna mabango ya Kiingereza, na mara nyingi jibu la kwanza ni kwamba ni machache, wakati tumesimama mbele ya SALE tatu.

Barbara Soukup wa Chuo Kikuu cha Vienna, ambaye amekitafiti Kiingereza katika mabango ya jiji hilo kwa miaka mingi, anakazia jambo ambalo wachunguzi wengi huliruka: mwandishi wa bango ana msomaji kichwani, na huchagua lugha kwa kumkadiria msomaji huyo. Ndiyo maana Kiingereza kinajazana kwenye nguo za vijana, simu, saluni na mazoezi ya viungo, na kinapungua kwenye duka la dawa au ofisi ya mazishi. Helen Kelly-Holmes, aliyechunguza matangazo ya Ulaya, ameeleza jinsi lugha ya kigeni inavyoweza kugeuzwa kitu cha kuabudiwa, umbo lake likithaminiwa kuliko ujumbe wake. Kifaransa kinapewa manukato, Kiitaliano kinapewa chakula, Kiingereza kinapewa usasa. Mteja hahitaji kuijua lugha, anahitaji kuitambua tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kuna Waaustria wanaokereka na Kiingereza. Wanaandika barua kwa wahariri, wanaguna ndani ya tramu. Lakini hakuna aliyewahi kukusanya umati usiku kwenda kung'oa kibao cha "Park & Ride". Vibao vilivyong'olewa nchini humo vilikuwa vya lugha nyingine. Mkataba wa Dola wa mwaka 1955, ulioirudishia Austria uhuru wake, uliahidi katika ibara ya 7 kwamba maeneo yenye Waslovenia na Wakroatia yatakuwa na vibao vya lugha mbili. Miaka ikapita. Mwaka 1972 sheria ikapitishwa ya kuweka vibao vya Kijerumani na Kislovenia katika vijiji na miji 205 ya jimbo la Kärnten, na vuli ya mwaka huo huo makundi ya watu yakapita kijiji hadi kijiji yakiving'oa. Tukio hilo lina jina lake katika historia ya nchi, Ortstafelsturm, dhoruba ya vibao vya miji. Suluhu ilipatikana mwaka 2011: maeneo 164, kwa kigezo cha asilimia 17.5 ya wakazi wasemao Kislovenia.

Pima hilo vizuri. Kislovenia kwenye kibao cha kijiji ni taarifa ndogo mno, jina la mahali tu, na wasemaji wake wameishi pale kwa karne nyingi. Kiingereza kimefunika mtaa mzima wa kibiashara na wenye lugha hiyo hawapo. Kwa nini kidogo kiliwasha moto na kikubwa kinavumiliwa? Kwa sababu nyuma ya kibao cha Kislovenia kulikuwa na jirani anayedai sehemu yake ya nchi. Nyuma ya SALE hakuna jirani. Kiingereza kinaruhusiwa kuwa kikubwa kwa sababu hakimwakilishi mtu yeyote anayeishi pale. Ndiyo maana ninasema hisia za watu kuhusu maandishi ya hadharani ni hisia kuhusu watu, na lugha inabeba tu.

Vienna ya leo inathibitisha hilo kwa utulivu zaidi. Mwaka 2023 wakazi wake walivuka milioni 2, na zaidi ya theluthi yao wamezaliwa nje ya Austria. Kiserbia na Kituruki husikika kila siku sokoni Brunnenmarkt, mtaa wa Ottakring, na utaviona kwenye vibao ambavyo wenye maduka wameviweka wenyewe. Kwenye vibao vya kudumu vya mamlaka ni nadra kuvikuta. Hali inafanana na ile iliyopatikana katika eneo la Ruhr nchini Ujerumani, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen wakiongozwa na Evelyn Ziegler walipiga picha zaidi ya 25,000 za maandishi ya mitaani. Baada ya Kijerumani, lugha iliyoonekana zaidi ilikuwa Kiingereza, ingawa Kituruki ndicho kinachozungumzwa majumbani na maelfu ya wakazi wa Dortmund na Duisburg.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujihadhari hapa, kwa kuwa sisi tunaleta macho yetu. Kwetu Kiingereza ni lugha iliyokaa kitini pa mamlaka. Tanzania ilibidi ibadilishe sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zote, na kabla ya hapo mtu aliweza kusomewa hukumu ya Mahakama Kuu katika lugha asiyoielewa. Tukiona Kiingereza kwenye kibao tunasikia shule, cheo, na mlango unaoweza kufungwa usoni. Mwenyeji wa Vienna hana kumbukumbu hiyo. Ni kweli kwamba kuanzia 1945 hadi 1955 jiji lilikaliwa na majeshi ya mataifa manne, na vitambulisho vya raia viliandikwa kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kirusi. Berlin nayo ilikuwa na kibao mashuhuri cha Checkpoint Charlie kilichowaambia watu kwa lugha hizo hizo nne kwamba wanatoka katika sekta ya Wamarekani, Kijerumani kikiwa cha mwisho na chenye herufi ndogo. Lakini askari waliondoka, na hakuna mtoto wa Vienna aliyefeli mtihani wa hesabu kwa sababu uliandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana anaweza kukitazama kwenye kioo cha duka bila woga.

Kuna hofu kwamba Kiingereza kinaiua lugha ya Kijerumani. Wanaoibeba hofu hii wana chama chenye nguvu, Verein Deutsche Sprache, kilichoanzishwa mwaka 1997, ambacho hutoa tuzo ya aibu kwa waharibifu wa lugha. Mwaka 1998 ilimwangukia mkuu wa Deutsche Telekom, Ron Sommer, kwa majina ya huduma za simu yaliyochanganya lugha. Siwadharau watu hawa. Lakini historia haiwaungi mkono. Karne ya 19 mitaa, posta na treni za Ujerumani zilijaa Kifaransa. Kuanzia miaka ya 1870, mkuu wa posta Heinrich von Stephan aliondoa mamia ya maneno ya Kifaransa katika huduma zake, na baadaye Otto Sarrazin akafanya vivyo hivyo kwenye reli: Perron ikawa Bahnsteig, Billet ikawa Fahrkarte. Uswisi haikufuata. Leo kituo kikuu cha Zürich bado abiria anasubiri kwenye Perron akiwa na Billett mkononi, naye anasema Kijerumani chake kama kawaida. Maneno ya vibao huja na huondoka kwa amri za ofisi na mitindo ya biashara. Lugha hufa nyumbani, mtoto anapoacha kujibiwa kwa lugha ya mama yake.

Kosa la upande wa pili ni la wafanyabiashara, wanaoamini kwamba Kiingereza huuza daima. Mwaka 2003 kampuni ya Endmark ya Köln iliwauliza watumiaji wa Ujerumani maana ya kaulimbiu za Kiingereza zilizokuwa zimetawala matangazo. Duka la vipodozi la Douglas lilikuwa likitumia "Come in and find out". Baadhi ya waliohojiwa walielewa kwamba wanaambiwa waingie kisha watafute njia ya kutokea. Kaulimbiu ya kituo cha televisheni cha Sat.1, "Powered by emotion", wengine waliitafsiri kwa maneno yaliyokuwa jina la shirika la starehe la Wanazi. Douglas ilirudi kwenye Kijerumani. Somo la kina zaidi lilitoka Uholanzi mwaka 2010, katika utafiti wa Jos Hornikx na wenzake: kaulimbiu ya Kiingereza rahisi ilipendwa kuliko ya Kiholanzi, lakini Kiingereza kilipokuwa kigumu faida hiyo ilipotea. Kinachopendwa, basi, ni kule kujiona kwamba nimeelewa lugha ya kigeni bila taabu. Mteja akikwama, raha inageuka aibu, na aibu hiyo hurudi kwa mwenye bango.

Serikali na mashirika ya umma yanapotumia Kiingereza, hukumu hubadilika, na hapa ninakubaliana na wenye hasira. Duka unaweza kulikwepa, kituo cha treni huwezi. Deutsche Bahn ilipoweka "Service Point" na "Kiss & Ride" kwenye vituo vyake, ilimwandikia pia mzee wa Leipzig au Dresden aliyesoma shule za Ujerumani Mashariki, ambako lugha ya kigeni ya lazima kuanzia darasa la tano ilikuwa Kirusi. Kwake kibao hicho hakikuwa na usasa wowote, kilikuwa ukuta. Mwaka 2010 waziri wa uchukuzi Peter Ramsauer alilivalia njuga jambo hilo, na mwaka 2013 shirika likawapa wafanyakazi wake orodha ya maneno ya Kiingereza yapatayo 2,200 pamoja na mbadala wake wa Kijerumani. Vienna imekwenda njia zote mbili kwa wakati mmoja. Shirika la reli la Austria lina Railjet, Nightjet na Cityjet, na maduka ya ndani ya vituo vyake vikubwa yameitwa BahnhofCity. Ila baiskeli za kukodi za jiji, zilizoitwa Citybike tangu 2003, mwaka 2022 ziligeuka WienMobil Rad. Jimbo la Baden-Württemberg nchini Ujerumani liliifanya safari hiyo kinyumenyume: mwaka 2021 lilitumia euro milioni 21 kujitangaza kwa jina "The Länd", na likapokewa kwa kejeli nyingi na watu wake wenyewe.

Ninaloliona la kusikitisha katika mfano huo ni kwamba jimbo hilo lilikuwa na kaulimbiu inayopendwa, iliyojivunia lahaja yake. Vienna inajua siri hiyo. Idara yake ya usafi, ilipotaka wenye mbwa waokote kinyesi, iliandika vibao kwa Kijerumani cha mtaani: "Nimm ein Sackerl für mein Gackerl", mbwa akimwomba mwenyewe achukue mfuko. Watu walivicheka na wakavipenda. Lahaja ilifanya kazi ambayo washauri wa matangazo wangeipa Kiingereza.

Wengine hupendekeza sheria kama ile ya Toubon, iliyopitishwa Ufaransa mwaka 1994, inayolazimisha tangazo la lugha ya kigeni liwe na tafsiri. Sioni kama itasaidia Vienna. Itakachozaa ni nyota ndogo kando ya SALE na tafsiri chini kabisa ambayo hakuna atakayeisoma, na mgeni ataendelea kubaki nje. Ningeanzia kwenye gharama ya kutoelewa. Kioo cha duka la nguo hakina gharama, kiachwe kichague lugha yake, ilimradi masharti ya bei yaandikwe kwa lugha ile ile iliyomwita mteja na kwa herufi zinazosomeka. Kaulimbiu za ofisi za umma zijaribiwe kabla ya kuchapwa, mbele ya wapita njia wa umri tofauti, na mzee wa miaka 75 awe na kura sawa na mwanafunzi.

Vibao vyenye adhabu nyuma yake ndivyo vya kubadilishwa kwanza. Tangu Machi 2022 karibu jiji zima la Vienna ni eneo la maegesho ya muda mfupi. Kibao kinasema Kurzparkzone, kinataja siku za kazi saa 9 asubuhi hadi saa 22, kwa saa za Ulaya, kisha saa 2 za kuegesha na neno gebührenpflichtig, yaani kuna malipo. Kinasimama pale unapoingilia eneo hilo, si kila mtaa, kwa hiyo aliyekipita bila kukielewa hatapata cha pili cha kumkumbusha hadi akute faini kwenye kioo cha gari. Ongeza hapo mchoro wa sarafu na saa, na mstari mmoja wa Kiingereza. Kwenye zahanati, shule na ofisi za usajili ongeza Kiserbia na Kituruki, maana watakaosimama kwenye foleni hizo wanajulikana, na takwimu za wakazi ziko mezani kwa halmashauri.